Matarumbeta ya Kuvusha Watoto

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili mwaka huu, na nilikuwa nimepiga magoti katikati ya barabara ya Bagamoyo, pale Bunju, nikipaka rangi nyeupe kwenye lami. Mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada ya mipango miji na magoti yanayolalamika kila akipanda ngazi, hafanyi hivyo bila sababu. Sababu yangu ilikuwa klabu.

Klabu yetu ni ya watu wanaojitolea. Tunakutana kila Jumatano jioni katika ukumbi mdogo wa hoteli moja Mbezi Beach: walimu, wauguzi wastaafu, wafanyabiashara, mafundi. Tumekarabati madawati, tumeandaa siku za kuchangia damu, tumegawa miwani ya kusomea kwa wazee. Tumepanda pia miti ambayo mbuzi wa jirani waliimaliza yote kabla ya mvua kuanza. Mimi ndiye katibu. Nilijiunga baada ya watoto wangu kuondoka nyumbani, nikidhani nimepata mahali pa kupumzikia, na sijawahi kufurahia kosa kama nilivyofurahia hilo.

Kilichotufikisha barabarani ni mtoto mmoja wa darasa la kwanza. Mama yake, mwenyeji wa Lindi, anauza vitumbua na chai ya tangawizi kando ya barabara, mkabala na shule ya msingi. Kila asubuhi alikuwa akiacha meza yake, akimshika binti mkono na kumvusha. Siku chache baada ya shule kufunguliwa, bodaboda iliyokuwa ikiyapita magari kwa pembeni ilinasa mkoba mgongoni mwa mtoto na kuuchana. Mtoto hakuumia, lakini tangu siku hiyo hakuvuka tena. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya meza, akiwatazama wenzake ng'ambo.

"Shikamoo, mama," mama yake alinisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Huyu leo haendi shule?"

"Haendi. Mwisho wa mwezi ujao namrudisha Lindi kwa bibi yake. Kule wanakwenda shule kwa njia ya mikorosho, magari hakuna."

"Na wewe?"

"Mie nabaki. Nikiondoka tutakula nini?" Aligeuza kitumbua kwa kijiti, kisha akanitazama usoni. "Nilikuwa nimemshika mkono, mama. Siyo kwamba nilimwachia. Nilikuwa nimemshika."

Maneno hayo niliyapeleka kwenye kikao cha Jumatano kama yalivyo. Mtoto wa miaka saba alikuwa karibu kutenganishwa na mama yake kwa sababu ya barabara ambayo mtu mzima huivuka kwa hatua chache. Kikao kilichemka. Ilibainika kwamba mistari ya pundamilia iliyokuwapo zamani mbele ya shule ilikuwa imeliwa na matairi hadi ikabaki kama kivuli. Mwenzetu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu zake walitoka India na ambaye yeye mwenyewe hajawahi kuishi mji mwingine zaidi ya huu, aligonga meza. "Rangi natoa mimi! Ya barabarani kabisa, haitoki mpaka Kiyama!" Tukaomba kibali, tukakipata, tukapewa pia afande wa kike wa usalama barabarani wa kutusimamishia magari, upande mmoja baada ya mwingine.

Ndivyo nilivyojikuta nimepiga magoti. Makondakta walikuwa wakituchungulia madirishani. "Mama, unapaka rangi barabara, nyumbani kwako umeshamaliza?" alipaza sauti mmoja. Hata afande alicheka.

Mama wa vitumbua alikuja kusimama ukingoni, mikono kiunoni. "Nyie mnaandika nini hapo?"

"Pundamilia," nilijibu. "Dereva akiiona anasimama."

"Mtihani basi. Hawa hawajui kusoma."

Alikuwa amekwisha kuliona jambo ambalo mimi, na vyeti vyangu, nilichelewa kuliona kwa muda wa nusu saa tu. Afande aliitwa mahali pengine kwa redio. Rangi ilikuwa bado mbichi. Lori la mchanga lilikuja, halikupunguza mwendo, likapita juu ya pundamilia wetu na kuondoka na sehemu yake. Nyuma yake yakafuata mengine. Yalipokwisha kupita, kulikuwa na alama nyeupe za matairi kuelekea Bagamoyo na nyingine kuelekea mjini, na kivukoni penyewe palibaki kitu kinachofanana na shuka lililoanikwa vibaya.

"Haitoki mpaka Kiyama," nilimkumbusha mwenye duka.

"Haikutoka, dada. Imehama."

Jumatatu tulisimama pale asubuhi tukiwa tumevaa vizibao vya riflekta, bendera nyekundu mikononi. Tulipeperusha hadi mabega yakauma. Walitupigia honi, walituwashia taa, mmoja alitupungia mkono kwa upole kana kwamba tunamuaga. Wanafunzi walivuka kama walivyozoea, kwa kukimbia kila nafasi ilipojitokeza. Yule binti alikuwa amevalishwa sare siku hiyo. Mama yake alikuwa ametuamini kiasi hicho. Ilipolia kengele ya shule, mama alimvua sweta taratibu, akalikunja na kulirudisha mfukoni. Hakutulaumu. Ningefarijika zaidi kama angetulaumu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kurekebisha mistari. Safari hii afande aliapa kwamba haondoki mpaka rangi ikauke, na kweli ilikauka. Tulikuwa tunakusanya brashi zetu niliposikia tarumbeta.

Ulikuwa msafara wa harusi ukitokea upande wa Bagamoyo. Mbele lilikuwa gari lenye mpiga picha aliyejitokeza nusu mwili dirishani. Nyuma yake kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba vijana wa matarumbeta na ngoma wamebanana, mashavu yamevimba. Nyuma yao maharusi. Walipofika mbele ya shule walisimama katikati ya barabara, kama ilivyo desturi ya misafara hiyo, ili watu wacheze kidogo. Na barabara yote ikasimama. Lori lilisimama. Bodaboda zilisimama, na waendeshaji wakapiga honi kwa kufuata mapigo ya ngoma. Abiria mmoja mnene wa gauni la kitenge aliteremka kwenye gari lake na kuja kukata kiuno juu ya pundamilia wetu mpya, huku dereva wa lori akimshangilia.

Mwenye duka alinishika bega. "Dada, angalia! Dada, wamesimama! Wamesimama kwenye mstari!"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kukimbia, tumbo mbele, brashi bado mkononi, na kumdaka kiongozi wa matarumbeta aliyekuwa akipumzisha midomo.

"Kaka, nawataka Jumatatu!"

"Hongera, mzee. Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Ni shule."

"Shule inaoa?"

"Watoto wanavuka! Nyie mnapiga, magari yanasimama, watoto wanavuka. Saa moja kasoro asubuhi."

Kiongozi alinigeukia mimi, kama mtu anayemtafuta ndugu wa mgonjwa. "Mama, huyu mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa kabisa," nilisema, na moyo wangu ulikuwa ukidunda kama ngoma yao. Nilimwonyesha binti kwenye kigoda na kumweleza kisa kizima kwa sentensi chache. Alimtazama mtoto. Kisha akasema kwamba asubuhi watu wa kazi yake huwa wamelala, lakini siku za kati ya wiki harusi ni chache, na kwamba wangekuja wiki mbili kwa mafuta ya gari, chai na vitumbua vya kushiba. Afande alisema hajawahi kusikia kibali cha matarumbeta ya kuvusha wanafunzi, kisha akakishughulikia.

Jumatatu hiyo sitaisahau. Kirikuu kiliegeshwa kando ya barabara, pembeni ya kivuko, na kabla jua halijapanda juu ya paa za maduka vijana wakaanza kupiga. Magari yakapunguza mwendo, madereva wakinyoosha shingo kumtafuta bibi harusi, na walipokuwa bado wanamtafuta, afande akainua mkono nasi tukainua bendera. Wanafunzi walivuka wakicheza. Walivuka wakitikisa mabega, wakavuka kinyumenyume. Walimu walikuwa getini wakipiga makofi. Dereva mmoja aliuliza kwa sauti, "Bibi harusi yuko wapi?" na mwenye duka akamjibu, "Hawa wote!"

Mama wa vitumbua alinivuta mkono. "Mama, niangalizie chuma cha vitumbua." Akanikabidhi kijiti, akavua aproni, akamshika binti yake na kwenda. Sikuona vitumbua tena. Niliona mtoto akisita kwenye ukingo wa lami, akitazama kulia na kushoto na tena kulia, kisha mguu wake wa kwanza ukikanyaga mstari mweupe. Waliufuata mstari mpaka ng'ambo. Mama alirudi peke yake akicheza, mikono juu, na barabara nzima ikimpigia honi.

"Umeviunguza vyote," aliniambia alipofika.

"Nitavinunua mimi."

"Utavila pia," alisema, na akahakikisha nimekula.

Hata hivyo, hakubadili uamuzi wake. Katikati ya wiki ya pili nilimuuliza kuhusu Lindi, akatikisa kichwa. "Namshukuru Mungu kwa hizi siku. Lakini nyie mna matarumbeta ya wiki mbili, mama. Mwanangu ana darasa la kwanza mpaka la saba."  Madereva walikuwa wanasimama kwa sababu ya muziki au kwa sababu ya watoto? Chuoni tulifundishwa kuchora vivuko kwa vipimo sahihi. Hakuna aliyetufundisha namna ya kujua kilichomo moyoni mwa dereva wa lori.

Ijumaa ya wiki hiyo, siku ambayo ingekuwa ya mwisho, kirikuu hakikuja. Kiongozi alipiga simu kwa sauti iliyokauka: walikuwa na sherehe ya usiku kucha Temeke, gari limegoma kuwaka. Afande alikuwa bado hajafika. Wanafunzi walijipanga kando ya barabara wakisubiri tarumbeta ambalo halikuwapo, na magari yalikuwa yanakuja.

"Leo tubaki," mama alimwambia binti yake.

Lakini binti alikuwa amekwisha kusogea mbele pamoja na wenzake, nao wameinua mikono kama walivyokuwa wamemwona afande akiinua. Niliingia barabarani na bendera yangu. Lori la mchanga lilikuwa linashuka moja kwa moja kuelekea kwetu. Mama alikuwa ameshika sweta la mtoto kwa nyuma, amelikunja ndani ya ngumi.

Lori lilipunguza mwendo. Likapunguza tena. Likasimama nyuma ya mstari kwa mlio mrefu wa breki, na dereva akatoa kichwa.

"Leo muziki hakuna?"

"Hakuna," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyokusudia.

"Basi piteni, mnangoja nini? Piteni!"

Bodaboda mbili zilijaribu kupenya pembeni, na yeye ndiye aliyezitukana. Mama alifungua ngumi. Mtoto akavuka na wenzake, mkono bado juu, na hakuna aliyecheza siku hiyo. Walitembea tu, kama watu wanaokwenda shule. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele, katibu mzima, katikati ya barabara.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya kuhakikisha kwamba haikuwa bahati ya siku moja, nilimwandikia kiongozi wa matarumbeta barua hii kwa niaba ya klabu:

"Ndugu Kiongozi,

Salamu kwako na kwa vijana wako. Uliniuliza kwa simu kama tungependa mrudi shule zikifunguliwa baada ya likizo. Klabu imekaa na kulijadili ombi lako, na jibu letu, kwa shukrani kubwa, ni kwamba msije. Madereva wengi sasa wanasimama bila ninyi. Si wote, kwa hiyo bendera zetu bado zipo kila asubuhi, na tumeomba matuta yawekwe. Yule binti hakupelekwa Lindi. Bibi yake ndiye atakayekuja kumtembelea hapa, na mama mtu anasema vitumbua vyenu vipo siku yoyote mtakayopita.

Tunalo ombi moja. Jumamosi iliyopita, watoto wakitoka kwenye masomo ya ziada, mlipita na harusi na hamkusimama kwenye mstari. Nilikuwapo, nimeshika bendera, nanyi mkanipungia mikono. Safari nyingine, hata kama maharusi wana haraka, tafadhali simameni. Kuna watoto wanavuka.

Wako,
Katibu"