Daraja Lililopimwa Mbalamwezi

Ukitaka kumuudhi Safina Ismaili, mwambie barabara fulani iko poa tu. Atakuuliza poa kiasi gani. Ina mashimo ya kina gani, mtaro wake unapitisha maji au umejaa taka, na mwaka jana ilikuwaje? Ukikosa jibu atakutazama kwa huruma, kisha atachukua mkoba wake aende zake. Mafundi cherehani wa mtaa wa Mwanga, waliomwona mara nyingi akiinama na futi kamba katikati ya barabara yao, wana utani wao: dada huyu anapima lami kana kwamba anataka kuishonea suruali. Naye huwajibu kwamba suruali wanazoshona wao zingepimwa namna hiyo, wateja wasingerudi kulalamika.

Safina ni fundi sanifu wa barabara katika ofisi moja ya mjini Kigoma. Alizaliwa Kibirizi, binti wa Mwamini, mchuuzi wa dagaa ambaye sauti yake husikika mwaloni, maboti yanaposhusha samaki, kabla hajafika mwenyewe. Alisoma, akaenda chuo, akarudi nyumbani na cheti chake, na jambo la kwanza alilolikuta ofisini lilimkera mpaka likamkosesha raha ya chakula. Barabara zilitengenezwa kwa kelele. Aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyezibiwa mashimo. Mitaa ya watu wapole ilizama kwenye tope, huku mtaa wa mtu mmoja mwenye mdomo ukimwagiwa lami juu ya lami.

Bahati yake ni kwamba mkuu wake, mhandisi Anatoli, hakuwa mtu wa kukasirishwa na maswali. Anatoli ni mtu wa Kibondo, mtaratibu, hunywa chai ya rangi isiyo na sukari na kusikiliza mpaka mwisho. Safina alimsumbua mwaka mzima, na hatimaye wakakubaliana. Kila barabara na kila daraja litakaguliwa kila mwaka na kupewa hali yake: nzuri, wastani au mbaya. Kisha wataandika hadharani wanataka kufika wapi, na kila mwaka watajitazama kama wamefika. Wakatundika ubao ukutani, mahali ambapo kila anayeingia ofisini anauona. Kijani ni nzuri, njano ni wastani, nyekundu ni mbaya.

Malengo yalikuwa mawili. La kwanza, lami iliyo nzuri iongezeke kila mwaka, hata kama ni kidogo. La pili, lisionekane hata mwaka mmoja daraja jekundu, hata liwe dogo namna gani. Hili la pili lilikuwa la Safina mwenyewe.

"Bi Safina," Anatoli alimwambia siku ile, "la kwanza likitushinda tutasema mvua zilizidi. La pili halina pa kujificha."

"Ndiyo maana nalitaka, Mhandisi. Barabara ikiharibika dereva anapunguza mwendo. Daraja likiharibika anapunguza nini?"

Anatoli alicheka, akatia saini.

Na kweli, mambo yakaenda. Nyekundu zikapungua ubaoni, zikaisha. Watu waliokuja ofisini kugombana walionyeshwa ubao: mtaa wenu ni njano, ule pale ni mbaya zaidi, nyinyi mnafuata. Wengine walinuna, lakini walirudi nyumbani wakijua zamu yao. Safina alikuwa akipita mbele ya ubao ule kama mama anayepita chumbani kuangalia watoto wamelala. Sifa zikafika mbali, Anatoli akaalikwa Dodoma kuwaeleza wenzake namna mji mdogo wa pembeni ya ziwa ulivyoweza kumaliza madaraja mabaya. Akasema haendi bila Safina. Mume wake, Abdulatif, ambaye naye ni fundi cherehani pale Mwanga, akamshonea suti ya kitenge. Safari hiyo alimpima mara mbili, akiogopa kuambiwa maneno.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa Kibirizi haelezwi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, na maboti hupumzika. Kwa hiyo maisha yote ya kule hupangwa kwa mwezi. Harusi ni mbalamwezi. Kuezeka nyumba ni mbalamwezi. Kusuluhisha wanandoa, kupeleka posa, kuhitimisha msiba, yote husubiri mbalamwezi, kwa sababu ndipo wanaume wako nyumbani na wanawake mikono yao haina dagaa. Ukialika watu wakati wa giza utakula pilau lako peke yako. Safina alikulia humo, hata hakujua kwamba huo ni mpangilio. Alidhani ndivyo dunia ilivyo.

Basi alipopanga tarehe ya kukagua daraja la Msufini, lililo kwenye barabara inayotoka mwaloni kwenda mjini, aliiweka mbalamwezi bila hata kufikiri. Ilikuwa rahisi. Barabara tupu, hakuna wa kumpigia honi, na wajomba zake wanaovua walikuwa nyumbani wakamshikia ngazi huku wakimtania. Kila mwaka mbalamwezi. Aliona ufa mmoja chini ya boriti, mwembamba kama unywele, akaupaka rangi pembeni ili aukute mwakani. Mwakani akaukuta vilevile. Alihesabu magari yanayopita, akaona ni machache. Daraja likawekwa njano, njano iliyotulia isiyo na haraka. Anatoli hakuwa na la kuuliza. Kibondo hakuna anayeuomba mwezi ruhusa.

Safari ya Dodoma ilipokaribia, Mwamini aliteguka mguu kwenye mawe ya mwaloni. Giza lilikuwa limekolea, samaki wako tele, na vichanja vyake vya kuanikia havikuwa na mtu. Safina aliomba likizo fupi akaenda kumsaidia mama yake. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aanike dagaa siku ya kazi. Asubuhi ile jua lilipanda, wanawake wakiimba na kugombana kwa pamoja, wabeba mizigo wakipakia magunia ya dagaa waliokwisha kauka, na malori yakaanza kuondoka. Likaondoka moja, likafuata jingine nyuma yake, kisha jingine. Safina alisimama na beseni mkononi akiyatazama, na kitu kikaanza kumkaa vibaya rohoni.

Aliacha beseni akaenda darajani. Lori la Castory, Muha mmoja wa Kasulu anayewabebea mizigo nusu ya wachuuzi wa pale, lilikuwa linapita. Safina alilisikia kwenye nyayo zake. Daraja lolote hutikisika kidogo, hilo analijua. Lakini hili lilishuka, likapanda, na likachelewa kutulia. Akakunja kanga mpaka magotini, akateremka kwenye matope, akajikunyata chini ya boriti na kuutazama ufa wake aliokuwa ameupaka rangi. Lori jingine likaja juu. Ufa ukafumbuka kiasi cha kupitisha ukucha, maji ya kutu yakachuruzika, na lori lilipopita ukafumba tena, ukawa mwembamba kama unywele, uleule aliouandika mwaka jana na mwaka juzi.

Safina alikaa palepale chini, akalia. Alilia kwa hofu, na kwa hasira juu ya nafsi yake. Miaka yote hiyo alikuwa amelipima daraja likiwa limelala. Mtoto wa Kibirizi, aliyezaliwa na kulelewa na giza na mbalamwezi, ndiye aliyelivika daraja kilemba cha ukoka!

Alipojifuta uso, wazo likamjia, na mimi simlaumu kwa sababu lingekuja kwako pia. Dodoma ni wiki ijayo. Daraja limesimama miaka, litashindwaje kusimama wiki moja? Waende, wapigiwe makofi, warudi, kisha alikague upya kana kwamba ufa umeanza jana. Alilipindua wazo lile njia nzima ya kurudi kwa mama yake. Lakini kila alipotaka kulikubali, lori lilipita, na yeye akajikuta ameziba pumzi mpaka litoke ng'ambo. Mtu hawezi kuziba pumzi wiki nzima. Akapanda bodaboda na matope yake mpaka ofisini.

Anatoli alimsikiliza mpaka mwisho. Chai ikapoa.

"Kwa hiyo ni jekundu," alisema.

"Ni jekundu, Mhandisi. Na kosa ni langu."

"La kosa tutaongea. Malori yazuiwe leo au kesho?"

"Leo."

Anatoli alinyanyuka, akaenda ubaoni, akaipaka Msufini rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Safina aliona uso wa mkuu wake umemshuka, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Kabla jua halijazama kibao kilikuwa kimesimikwa: magari madogo tu.

Kibirizi ikawaka moto. Malori yalilazimika kusimama ng'ambo ya daraja, na kila gunia likavushwa kwa mkokoteni, kwa pikipiki au kwa kichwa. Dagaa wengine waliloweshwa na mvua kabla hawajafika kwenye gari. Wachuuzi walimtafuta Safina, wasipompata wakamtafuta mama yake, na Mwamini, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu mwaloni, alinyamaza. Jibu lake alilihifadhi kwa ajili ya binti yake.

"Weye umeanika dagaa hizi siku ngapi?" alimuuliza Safina alipokuja kumjulia hali ya mguu. "Umekuja kunisaidia au umekuja kunifungia njia?"

"Mama, lile daraja lingeanguka na watu."

"Mwaka jana uliniambia liko sawa. Ulisimama hapahapa, ukala ugali wangu, ukasema liko sawa."

"Nilikosea."

"Basi umekosea mwaka jana au umekosea mwaka huu? Mimi nitajuaje?"

Kwa mtu anayeishi kwa majibu, swali hilo lilikuwa adhabu kubwa kuliko matusi ya mwalo mzima. Mama yake hakumfukuza, lakini tangu siku ile aliitikia shikamoo yake akitazama pembeni, na chakula alimpa kama anavyopewa mgeni, kwenye sahani nzuri.

Dodoma walikwenda na nyekundu yao. Anatoli aliwaeleza wenzake wote habari ya mwezi, dagaa na ufa unaofumba macho, na Safina, ndani ya suti yake ya kitenge, alitamani sakafu ifunguke. Makofi hayakuwa mengi. Lakini baada ya kikao wahandisi wa miji mingine walimzunguka. Mmoja alikumbuka msimu wa pamba, mwingine magari ya mbao, na kila mmoja alionekana ana daraja fulani kichwani ambalo ghafla hakuliamini. Safina alirudi Kigoma na fungu la ukarabati, kwa kuwa daraja jekundu ndilo linalotangulia, na utaratibu mpya ambao Anatoli aliutia saini bila kusita: kila daraja litapimwa likiwa linafanya kazi, na yale ya njia ya mwaloni yatapimwa giza na mbalamwezi.

Mafundi walifanya kazi mvua zote. Boriti zikaongezewa nondo na zege, mtaro ukageuzwa. Walipomaliza, giza likaingia, na siku ya jaribio ikafika. Castory alipanda kwenye lori lake, magunia yamejaa mpaka juu. Watu walijipanga kando zote mbili, wengine wakitumaini daraja litabeba, wengine nadhani wakitumaini Safina ataaibika. Yeye alikwisha teremka chini, amevaa buti na kofia ngumu, taa mkononi, macho juu ya boriti.

Akasikia mtu anateremka nyuma yake, anateleza kwenye udongo na kulalamika. Alikuwa mama yake, kanga kiunoni, mguu bado unachechemea.

"Mama! Hapa si mahali pa kusimama mtu."

"Weye si mtu?"

"Mimi ni kazi yangu."

"Na weye ni kazi yangu mimi," alisema Mwamini, akamshika mkono kwa nguvu. "Ulisema litabeba?"

"Nimesema litabeba."

"Basi nipishe nione."

Safina alitaka kubishana, lakini juu Castory alikuwa ameuliza kama aje, na fundi mmoja amemjibu, naye akaitikia ndiyo kwa Kiha chake, "Ego!" Injini ikanguruma. Vumbi likawamwagikia kichwani, na Safina alisikia vidole vya mama yake vikimkaza mpaka mifupa ikauma. Alimulika boriti. Lori lilifika katikati, likasimama pale kama lilivyoagizwa. Hakuna kilichofumbuka. Likaenda, likatoka ng'ambo, na kelele za watu zikapasuka juu yao. Mwamini alikuwa amefumba macho muda wote.

"Limepita?" aliuliza.

"Limepita, Mama."

Mwamini akafungua macho, akajifuta vumbi usoni kwa pindo la kanga, akaanza kutazama zege lile jipya kwa makini, kama anavyotazama dagaa wa mwenzake. "Haya," alisema, "liandike nzuri."

"Ni wastani."

"Wastani? Tumebeba magunia kichwani mvua zote hizi, halafu wastani?"

"Mama, nimeliona giza moja tu. Nikiliona tena na tena liko hivi, ndipo nitaandika nzuri."

Mwamini alimtazama binti yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu kile kibao kisimikwe. Alimtazama sana.

"Sasa hapo nakuamini," alisema. "Giza lijalo unipitie nyumbani, tuje wote."