Naftaly na Funda la Maji

Hakuna mtu aliyewahi kumtukana Naftaly kama Naftaly mwenyewe, na si kwamba wengine hawakujaribu. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mkaazi wa mtaa wa Jericho, miaka ile ya mwanzo wa themanini ambapo makarani wa reli walikuwa wakimaliza mishahara yao kwa nyama choma ya soko la Burma. Ng'ombe hawakuwa wake. Alimnunulia Lydiah, mjane mwenye bucha pale sokoni, ambaye wote walimwita Mama Gachanja. Lydiah hakuweza kujinunulia, na si kwa kukosa akili.

Shida ilikuwa mikono. Kule uwanja wa mifugo, upande wa Njiru, wachuuzi wa Kisomali hawakutaja bei kwa mdomo. Muuzaji alifunika mkono wake kwa shali, mnunuzi akaingiza wake humo chini, wakabanana vidole kimya kimya. Kidole kimoja kilikuwa na thamani yake, kiganja kizima kilikuwa na yake. Waliosimama kando waliona shali ikitikisika tu. Mwanamke hakuingiza mkono chini ya shali ya mwanamume asiyemhusu, kwa hivyo Lydiah alihitaji mkono wa kukodi, na vidole vya Naftaly vilikuwa hodari kweli kweli. Kilichomponza ni mdomo.

Muuzaji akimwambia azunguke kidogo akafikirie, Naftaly alichomoa mkono, akaenda zake huku akijisema kwa sauti. "Mbwa wewe. Mia tisa kwa ngozi na mifupa. Baba yako alisema hutafaa, na hufai." Hakujua kwamba anasema. Tobias Otiende, aliyenunulia bucha iliyopakana na ya Lydiah, alijua. Alimfuata nyuma kama mtu anayetafuta choo, akaisikia hiyo mia tisa, akarudi kwa muuzaji na kuongeza shilingi ishirini. Ng'ombe akaondoka na Otiende.

Uwanja mzima ulilijua jambo hili na hakuna aliyemwambia. Wamwambie kwa nini, na ilikuwa sinema ya bure? Jioni pale Burma, wakitafuna mbavu, mmoja alijifanya Naftaly na mwingine akajifanya ng'ombe. Naftaly akiwapo alicheka nao, kisha akaenda nyumbani akijiambia kwamba hata ng'ombe ana maana kumshinda.

Mwishowe Lydiah ndiye aliyemwambia, bila kuzunguka.

"Baba Wakiuru, mdomo wako unatembeza bei zangu uwanjani kabla pesa hazijatoka mfukoni. Mafahali wa Krismasi wakinipita, nitatafuta mkono mwingine."

Naftaly aliingiwa na hofu. Mkewe, Waringa, mama yake Wakiuru, alikuwa mjamzito wa miezi minane, na nyumba haikuwa na riziki nyingine.

Dawa aliipata huyo huyo Waringa. Alikuwa amechoka kukaa na mume anayejitukana hata mbele ya kikombe cha chai. "Kunyamaza huwezi," alimwambia, "basi jaza mdomo." Akampa chupa ya soda iliyojaa maji. Apige funda moja kabla ya kuingiza mkono, na asimeze mpaka biashara iishe, hata akiambiwa azunguke uwanja mzima.

Dawa ikamkubali. Matusi yalikuja kama kawaida, yakapanda mpaka kooni, yakakuta maji. Tena yakikosa sauti yalichoka upesi, na Naftaly akaanza kuona kwamba bei nyingi alizokuwa akiziita za kijinga zilikuwa bei nzuri. Majuma yale alinunua vizuri kuliko wakati wowote maishani mwake. Alianza kutembea kifua mbele. Kanisani alihama benchi la nyuma, na Waringa alimtazama akiimba, akafurahi.

Otiende hakufurahi. Mtu akizoea kula kwa mdomo wa mwenzake, huo mdomo ukifungwa huona ameibiwa.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Roble, mchuuzi aliyeheshimiwa na wote, alileta mafahali sita wanene. Naftaly alipiga funda, akaingiza mkono chini ya shali. Vidole vikasemezana hadi ikabaki tofauti ya kidole kimoja. Hapo Otiende akaja mbio, uso umejaa huzuni.

"Omera, ndugu yangu, pole sana. Bibi yako ameanguka pale Jericho. Damu mob, damu nyingi. Wamembeba, hata sijui wamempeleka wapi."

Maji yote yalitoka kwa mpigo mmoja, yakamlowesha Roble ndevu na kanzu. Mkono ukachomoka. Kwa wafanyabiashara wale, kuchomoa mkono bila neno ni kumwita mwenzako mwizi, na kumtemea usoni hakuna jina. Naftaly hakuona kitu. Alikimbia, na njia nzima alijitukana kwa sauti, kwamba amemuua, kwamba mtu kama yeye hakustahili mke tangu mwanzo.

Alimkuta Waringa amekaa mlangoni akichambua maharagwe.

"Umekuja kufanya nini saa hizi?" aliuliza.

Otiende aliondoka na mafahali wote sita, na Roble alimpunguzia bei kwa hasira tu. Jioni Naftaly alikwenda Burma. Lydiah alikuwa akipangusa kisu.

"Nilidanganywa, Mama Gachanja. Uliza mtu yeyote."

"Nimeuliza. Najua ulidanganywa." Aliweka kisu chini. "Januari Otiende ataninunulia mimi pia."

"Huyo huyo?"

"Huyo huyo. Yeye anapata ng'ombe."

Naftaly alishika ukingo wa meza. "Lakini sijakuibia hata senti, miaka yote hii. Na mimi ni mnunuzi mzuri." Hakuwahi kulitamka neno hilo tangu azaliwe, na lilitoka kwa sauti ndogo, ya kuomba.

Lydiah alimtazama bila chuki, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Baba Wakiuru, miaka yote hii ni wewe uliyekuwa ukituambia hufai. Asubuhi ulisema, jioni ulisema. Mimi niliamini zamani."

Nyuma ya Naftaly kulikuwa na mteja akingoja. Lydiah akamuuliza anataka kilo ngapi.