Nitajibu Ofisini

Mganga mfawidhi wetu, mkuu wa kituo, alikuwa hodari wa kazi. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu watu wakisikia nilivyopambana naye hudhani alikuwa mvivu au mlevi. Hakuwa hivyo. Alifika kituoni mapema kuliko sisi sote, na mgonjwa aliyewashinda wengine alipelekwa kwake. Shida yake ilikuwa mdomo. Akiona kosa, au akidhani ameliona, alilitangaza palepale aliposimama, mbele ya yeyote aliyekuwepo.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa juu Mbulu, kwenye familia ya wakulima, nikapangiwa kazi katika kituo cha afya cha tambarare ya Hanang, ambako wengi tunaowahudumia ni wafugaji wa Kibarbaig. Baba yangu alikuwa mkali sana, lakini sikumsikia hata siku moja akimkaripia mama mbele ya wageni. Kwa hiyo siku ya kwanza niliposikia mganga mfawidhi akimwita dada wa mapokezi "kichwa maji", foleni nzima ikisikia, nilisimama mlangoni nisijue niangalie wapi. Baadhi ya watu walicheka. Yule dada aliinamisha uso akaendelea kuandika.

"Mzoee tu," mzee wa maabara aliniambia wakati wa chai. "Ndivyo alivyo. Sisi wote tumemzoea."

Nikamjibu kwamba mimi sikuja pale kuzoea matusi. Alitabasamu kama mtu anayemhurumia mgeni.

Asubuhi moja waliletwa kwa bodaboda wanawake wawili kutoka upande wa Getanuwas, mkwe na mama mkwe wake. Mkwe alikuwa na mimba ya kwanza na uchungu ulikuwa umeanza. Mama mkwe alikuwa mtu mzima mwenye bangili za shaba, asiye na maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamlaza binti kwenye kitanda cha uchunguzi, nikaanza kumpima presha. Chumba cha kujifungulia kilikuwa kinapigwa deki, hivyo troli ya vifaa nilikuwa nimeitoa koridoni kidogo, ukutani.

Mganga mfawidhi akapita.

"Nani ameacha troli koridoni? Ni wewe? Hivi shuleni ulienda kufanya nini? Wewe ni nesi au ni mzigo?"

Niliendelea kupima. Mkono wa binti ulikuwa mkononi mwangu na nilihisi ukikaza. Alipoondoka, mama mkwe akasimama, akamwambia mkwe wake maneno machache kwa Kibarbaig, na yule binti akaanza kushuka kitandani.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema.

"Uchungu umeshaanza, mama. Ni hatari."

"Hapa mnatukanana. Ninyi kwa ninyi, wenye kazi moja." Alizungumza Kiswahili polepole. "Huyu akilia kwa uchungu, mtamwambia nini?"

Walikuwa wamefika getini nilipowafikia. Nilijiweka mbele yao, nikamwambia yule mama kwamba atakayekaa na mkwe wake ni mimi, na kwamba mimi simfokei mama anayejifungua.

"Na yule akirudi kukufokea?"

"Hatanifokea mbele yako tena. Nakuahidi."

Sikujua ningefanyaje. Lakini nilikuwa nimeshaahidi, na walirudi.

Mchana, binti akiwa amekaribia kabisa, sauti ilisikika tena mlangoni. "Wewe! Ile troli nilikuuliza hukunijibu!"

Sikugeuka. "Mkuu, nitajibu ofisini."

"Unasemaje?"

"Nitajibu ofisini. Sasa hivi namzalisha mama."

Kisha nikasikia viatu vyake vikiondoka. Mama mkwe aliendelea kumfuta mkwe wake jasho. Baada ya muda mfupi mtoto wa kike akalia kwa nguvu, na mama yake akacheka huku machozi yakimtoka.

Nilipohakikisha wote wako salama, nikaenda ofisini kama nilivyosema. Hakuniambia nikae.

"Umenijibu mbele ya wagonjwa," alisema.

"Ndiyo, mkuu. Uliniuliza mbele ya wagonjwa."

"Unajua naweza kupendekeza uhamishwe? Kule mbali Yaeda Chini wanahitaji muuguzi."

"Pendekeza, mkuu. Yaeda Chini nako wanawake wanajifungua. Ila mpaka nihamishwe, ukiwa na neno na mimi, niite hapa. Kama nimekosea, niambie nimekosea. Nitasikiliza. Koridoni sitasikiliza."

"Na nisipokuita?"

"Nitakuja mwenyewe."

Nikamweleza kuhusu wale wawili waliotaka kuondoka, na kwa nini walitaka kuondoka. Aligeukia dirishani. Hakuniomba radhi, nami sikuwa nimeingia kutafuta radhi.

Wiki haikuisha akanipigia kelele tena. Safari hii alikuwa amewakuta akina mama wa kliniki wamekaa benchi moja na wagonjwa wanaokohoa. Nilimkabidhi mwenzangu nilichokuwa nafanya, nikatembea moja kwa moja mpaka ofisini kwake, nikasimama mbele ya kiti kitupu. Akaja nyuma yangu amefura.

"Unafanya nini humu?"

"Nimesikia unaniita, mkuu."

"Sijakuita!"

"Basi nimesikia vibaya. Lakini nimeshafika. Niambie."

Akaniambia, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, sauti ilishuka yenyewe. Nikamweleza kwamba chumba cha kliniki kinavuja tangu mvua zianze. Hakujua. Mtu aliyekuwa anafika kazini kabla yetu wote hakujua kwamba paa lake linavuja! Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwambia chochote. Siku ileile akampigia fundi simu.

Wenzangu hawakufurahi mara moja. Mzee wa maabara alisema nawachongea wote. Kwenye kundi letu la WhatsApp, mkuu alipotuma lawama zikinitaja, niliandika "nakuja ofisini" na kweli nikaenda, na wengine walinyamaza kama hawajaona. Walionipita koridoni bila kunitazama nawakumbuka mpaka leo.

Aliyeanza kunifuata ni yule dada wa mapokezi. Alipoitwa tena jina lisilo lake, alifunika kalamu, akainuka, akaelekea ofisini bila kuniangalia. Baada yake yule wa chumba cha dawa. Mwishowe hata mzee wa maabara, akiwa bado na glavu mkononi. Siku hiyo tuliondoka sote wanne, mganga mfawidhi akajikuta anafoka peke yake, na mzee mmoja mfugaji aliyekuwa kwenye foleni akamuuliza kwa heshima kabisa, "Daktari, unaongea na nani?"

Sisi tulikuwa ofisini tumepanga mstari. Aliingia, akatutazama mmoja mmoja, akajitupa kitini.

"Haya, kaeni," alisema. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Tulimwachia mzee wa maabara.

Hapo ndipo tulipoanza kukutana kila asubuhi kabla ya kufungua. Kila mtu alisema linalomsumbua, naye akasema lake. Sitadai kwamba alibadilika akawa mpole. Bado kelele zilimtoka, ila alianza kujikamata katikati ya sentensi, akanyoosha kidole kuelekea ofisini.

Baadaye alihamishwa yeye, akapewa hospitali kubwa zaidi. Tulimchinjia mbuzi. Mzee wa maabara, aliyekuwa anaongoza shughuli, akanisimamisha, akasema sasa nimwombe mkuu radhi ili aondoke na moyo mweupe. Watu wakapiga makofi.

"Mkuu," nilisema, "umenifundisha kumwokoa mama anayevuja damu, na sitasahau. Asante sana. Lakini radhi sina. Ulikuwa unatudhalilisha, na ungeendelea kama tungenyamaza."

Mzee wa maabara akatafuta pa kuweka soda yake.

"Nimesikia," alisema mganga mfawidhi. Akavuta sinia la nyama, akakata mbavu, akanipa kwa mkono wake mwenyewe. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikaketi, nikala.