Mwavuli wa Marehemu

Duka la Buaphan, ubavuni mwa soko la mji wa Phrae, lina kipaza sauti kinachoanza makelele kabla watu hawajapiga mswaki. "Kila kitu ishirini! Chagua mwenyewe, kila kitu baht ishirini!" Sauti ni ya Buaphan mwenyewe, aliirekodi zamani koo lake lilipokuwa bado tamu. Ndani mna vichujio, vitana, ndala, mitego ya panya, na saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana.

Mteja akirudi na tochi iliyozima njiani, Buaphan hagombi wala harudishi pesa. Anamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ishirini, halafu unataka idumu?"

Kwa jibu hilo amesomesha watoto, amejenga, na amechukiwa na nusu ya mtaa. Nusu nyingine nayo inamchukia, ila inanunua.

Kitu alichoringia kuliko vyote ni ndoo za sadaka, alizozipanga mwenyewe: ndoo ya njano, ndani mwavuli, tochi, ndala na dawa ya meno, juu nailoni inayong'aa na utepe. Mtu humpelekea mtawa hekaluni, mtawa husoma sala, na vitu vile humfikia marehemu huko aliko. Biashara iliyoje! Mteja hafungui, mtawa haulizi, na mtumiaji hawezi kurudi dukani.

Kisha akafa mama yake, Bi Khamnoi.

Buaphan alimlilia mama huyu kwa dhati, tuseme ukweli. Bi Khamnoi aliwalea yeye na mdogo wake Lamduan kwa kuuza mahindi ya kuchemsha kituo cha mabasi. Mvua ikinyesha, mwavuli ulifunika mahindi na watoto. Yeye alilowa, akawaambia kuwa anapenda baridi. Ilipofika siku ya mia, siku ya kumpelekea marehemu sadaka, Buaphan aliapa kuwa mama hatakosa kitu. Akachukua ndoo yenye utepe mzuri kuliko zote. Kutoka wapi? Rafuni kwake, bila shaka. Mkono wa mfanyabiashara una mazoea yake.

Kesho yake asubuhi Lamduan akaingia dukani, macho yamevimba.

"Dada, nimemwota mama."

"Anaendeleaje?"

"Amelowa chapachapa. Ndala imekatika mkanda, tochi haiwaki, na ameshika fimbo tu, mwavuli hauna kitambaa. Nikamwambia, mama, si ungemwambia dada? Akasema, 'Nimwambie nini, mwanangu? Ataniuliza, ishirini, halafu nataka idumu?'"

Buaphan akacheka kicheko kikavu. "Sema tu bado una kinyongo na ule mwavuli niliokuuzia wewe."

"Ninacho. Lakini mama alikuwa anatetemeka, dada."

Lamduan alipoondoka, Buaphan alichana nailoni ya ndoo nyingine iliyofungwa siku moja na ile ya mama. Akafungua mwavuli. Mpini ukabaki mkononi; mwavuli wenyewe ukaruka na kutua kwenye mitego ya panya, na mtego mmoja ukafyatuka. Ndio pekee uliowahi kufanya kazi. Buaphan akakaa juu ya ndoo, akalia kwa sauti, huku kipaza sauti kikimsihi kila apitaye achague mwenyewe.

Akavuka barabara hadi kwa Mzee Heng, muuza miavuli ambaye Buaphan humwita mwizi kwa sababu ya bei zake. Hakubishania bei. Alifungua mwavuli mmoja baada ya mwingine, akavuta mipini, akakagua mishono.

"Bi Buaphan!" Mzee Heng akafurahi kupita kiasi. "Kwako miavuli imeisha, hata wewe umekuja kwa mwizi?"

"Nataka utakaodumu, mzee. Ni wa mama yangu. Analowa."

Mzee Heng aliacha kucheka. Mkewe naye alizikwa mwaka jana, na ndoo aliyompelekea ilikuwa ya njano, yenye utepe, kutoka ng'ambo ya barabara. Akauzungushia mwavuli karatasi taratibu.

"Na zile ndoo ulizotuuzia sisi," akauliza, "zilikuwa za mama wa nani?"

Buaphan alifungua mdomo. Lile jibu lake maarufu lilifika kwenye ulimi, likageuka, likarudi tumboni. Akasema, "Nipe miwili. Mmoja wa mkeo."

Jioni ile alizifungua ndoo zote za sadaka zilizobaki na hakuzifunga tena. Msidhani aliokoka. Miavuli aliirudisha rafuni, ishirini ishirini, kwa walio hai. Hao wakilowa, wana miguu ya kurudi kumtukana.