Friji Lisilo na Mvinyo

"Babu, mbona huzivuti?"

Yisel alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, pua ameibandika kwenye kioo cha friji mpaka kikaingia ukungu. Evelio alimsogeza taratibu, akafuta kioo kwa pindo la shati, akamwambia hazijakomaa. Mtoto akataka kujua zitakomaa lini. Akaambiwa akanywe maziwa yake.

Lilikuwa friji la mvinyo, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, na tangu liingie katika nyumba ile ya Hialeah halijawahi kuona tone la mvinyo. Zoraida, mke wa Evelio, alipewa na mama mmoja tajiri aliyekuwa anabadilisha jiko lake, naye akalileta nyumbani akiwaza soda na juisi ya miwa. Evelio akaliteka siku hiyo hiyo. Alikuwa fundi wa viyoyozi maisha yake yote, baridi anaijua kama wengine wanavyowajua watoto wao. Alilisugua kwa magadi, akaliacha wazi na magazeti yaliyokunjwakunjwa ndani yake mpaka harufu ya plastiki ikaisha. Tundu dogo la nyuma la kutolea maji akaliziba kwa gundi. Rafu za waya akazing'oa, akaweka za mbao za mwerezi. Chini akaweka bakuli la maji yaliyochujwa lenye sifongo, na mlangoni akatundika kipimo cha unyevu, cha mviringo kama saa.

Kisha akaweka ndani kitita kimoja cha biri, zile sigara nene za majani matupu, kilichofungwa kwa utepe wa manjano. Zoraida akauliza kama friji zima ni la hicho kitita tu. Evelio akasema ndiyo. Zoraida akaenda kununua soda za moto.

Biri hizo zilikunjwa na Migdalia, dada yake Evelio, kule San Juan y Martínez, Kuba, kwenye udongo mwekundu ambako watu hupanda tumbaku kabla hawajajifunza kusoma. Evelio aliondoka huko mwaka ule wa mashua zilizovusha maelfu ya watu kutoka bandari ya Mariel hadi ng'ambo, kijana wa miaka kumi na tisa. Alimwambia mama yake anakwenda kutafuta tairi la baiskeli. Mama akamwekea sahani mezani jioni hiyo, na kesho yake, na siku nyingi baadaye. Migdalia ndiye aliyekuja kuiondoa. Migdalia ndiye aliyemuuguza mama, na ndiye aliyesimama peke yake kaburini, maana Evelio alipata habari mazishi yamekwisha.

Miaka ilipita bila neno. Halafu siku moja mwanamke mmoja aliyetoka kutembelea kwao akamletea kile kitita, na ujumbe wa mdomo. Dada yako anasema uzivute. Siku biri hizo zikiisha, uje uchukue nyingine mkononi mwake.

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Evelio alikaa kwenye ngazi za mbele mpaka kahawa yake ikapoa. Aliyaona akilini macho ya Migdalia. Aliona sahani ile ikiondolewa mezani. Akajua, kama anavyojua mashine itakayokufa kwa mlio wake, kwamba hawezi kwenda. Basi zisiishe. Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya siku ile, na hakumwambia mtu.

Lakini kitu kisichovutwa hakiko salama hata kidogo. Tumbaku ina mdudu wake, wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mtama, na mayai yake hulala ndani ya jani huna habari. Pakiwa na baridi hulala tu. Joto likipanda, kama linavyopanda Hialeah hata miezi ambayo kwingine watu wanavaa masweta, huamka na kula. Alipokuwa mdogo, Evelio alimwona baba yake akifungua sanduku alilolitunza kwa ajili ya harusi. Biri zilikuwa zimelala humo nzuri, zimejipanga kama askari. Baba akainua moja, ikamwagika unga kati ya vidole. Alipangusa mkono kwenye suruali akaendelea kuitazama suruali yake.

Kwa hiyo asubuhi Evelio hajanawa uso, yuko mbele ya friji. Anasoma kipimo. Anaweka sikio mlangoni kusikiliza feni. Akirudi kutoka dukani, anapita jikoni kabla ya kumsalimia mke wake. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, utamwona amesimama katikati ya nyumba, rangi imemtoka.

Pale dirishani wanapouza kahawa, wazee wenzake walimchoka. Jirani yake Pupo, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alimwambia mbele za watu, "Bwana wee, hata maiti hawakai kwenye baridi muda wote huo. Zivute au uzizike."

Evelio alicheka nao.

Tangu kitita kile kifike, kila Desemba Migdalia alipiga simu. Alisalimia, akauliza habari za Zoraida na mtoto, kisha akauliza, "Umezimaliza?" Evelio akajibu kwamba bado zinakomaa. Dada yake alicheka kidogo, kicheko kifupi kama mtu anayepuliza mshumaa, na kicheko hicho Evelio alikibeba masikioni mpaka sikukuu zikaisha.

Yisel alipofika miaka kumi na tatu, Pupo akawa na furaha. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa watu wale mtoto akizaliwa babu hugawa biri. Akaingia jikoni kwa Evelio bila kubisha hodi, kama kawaida, mkononi ana tatu alizonunua kwa mtu fulani shambani, za kienyeji, hazina hata ile pete ya karatasi yenye jina. Evelio alizipokea akazinusa. Alijua la kufanya. Biri ngeni haiingii kwenye friji kabla haijalala kwenye friza siku kadhaa, mayai yafe. Kila mtu anajua hivyo. Lakini Pupo amesimama pale na macho yanang'aa, anangoja kuziona zikiwekwa mahali pa heshima, na kumwambia mtu kwamba zawadi ya mjukuu wake inaweza kuwa na wadudu ni sawa na kumtemea mate kwenye sahani. Evelio akafungua mlango, akaziweka kwenye rafu ya juu. Akajiambia atazitoa Pupo akishaondoka.

Pupo hakuondoka. Alikunywa kahawa, akala mkate wa siagi, akasimulia uchungu wa binti yake kama vile ni yeye aliyezaa. Ndipo redio ikaanza kusema habari za kimbunga.

Kuanzia hapo mji mzima ulikimbia. Watu walipigania mbao za kuziba madirisha, maji, betri. Evelio alipanda ngazi na kushuka, Yisel anampa misumari, Zoraida anajaza maji kwenye beseni la kuogea. Biri tatu za Pupo zilimtoka kichwani kabisa. Alichokumbuka ni umeme. Kabla upepo haujafika alilifunga friji kwa utepe mpana kuzunguka mlango, akalivika mablanketi mawili, akalikaza kwa kamba. Alitaka baridi isitoke.

Kimbunga kilipita juu yao mchana kutwa. Paa lililia, mti wa parachichi wa jirani ukaanguka juu ya uzio, na umeme ukaenda, ukaenda moja kwa moja. Upepo ulipotulia jua lilitoka kali kama vile linadai haki yake. Ndani mlikuwa tanuri. Zoraida alilala sakafuni kwenye vigae. Yisel alijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Naye Evelio alikaa kwenye kiti mbele ya lile furushi la mablanketi, hataki lifunguliwe, kwa kuwa ukifungua tu baridi inatoroka.

"Babu," Yisel akasema siku mojawapo, "baridi gani? Si limezimika tangu Jumapili?"

Fundi wa viyoyozi wa maisha yote akamtazama mtoto. Hapo tu ndipo alipoielewa kazi ya mikono yake. Blanketi halijui baridi wala joto. Linashikilia kilichomo ndani, na kilichomo ndani, siku baada ya siku, ni unyevu na joto. Mafundo ya kamba yalikataa kufunguka. Yisel akaleta kisu.

Mlango ulipofunguka, pumzi ya moto iliwapiga usoni, tamu, nzito. Kwenye kioo, upande wa ndani, kitu kidogo cha kahawia kilikuwa kinapanda polepole. Kikafika juu, kikageuka, kikaanza kushuka.

Evelio hakukiua. Alikitazama tu. Yisel ndiye aliyechukua kitita akakitikisa juu ya gazeti, na unga ukadondoka, mwembamba, kama wa mdalasini. Biri moja ilikuwa na tundu kama la sindano. Ya pili matundu matatu. Za Pupo, zile za rafu ya juu, zilikuwa zimetoboka kama chujio.

Kilichobaki kilikuwa friza tu, likomeshe kazi ya wadudu kabla hawajazifikia zilizobaki nzima. Na mtaa ule jenereta alikuwa nayo mtu mmoja.

Evelio alivuka barabara na kitita ndani ya mfuko wa plastiki, amekishika kama mtu aliyebeba samaki aliye hai. Pupo alikuwa uani bila shati. Friza lake limejaa nyama ya nguruwe, na mke wake akasema wazi kwamba hataki nyama yenye harufu ya kibanda cha tumbaku. Pupo akamnyamazisha, akachungulia mfuko, akapiga mluzi.

"Mzee, hawa wametoka wapi?"

Evelio aliona jibu limekaa kwenye ncha ya ulimi. Alimwona pia mjukuu wa Pupo, mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, amelala kwenye kikapu kivulini.

"Hewani," akasema. "Kimbunga hiki kimeleta kila kitu."

Nyuma yake Yisel alipatwa na kikohozi.

Zikawekwa kwanza kwenye sanduku la barafu, kisha ndani ya friza, maana ukizitoa kwenye joto ukazitupa barafuni ghafla, jani la nje hupasuka. Siku zote hizo Evelio alikuwa anavuka barabara kuuliza kama jenereta ina mafuta. Hakula vizuri. Alimwambia Zoraida ni joto. Zoraida alimjibu kwamba ameolewa naye miaka thelathini na mbili, na joto analijua.

Zilipotoka, zilizokuwa nzima zilikuwa chache, za kushika kwa mkono mmoja. Lakini zilikuwepo. Wadudu wamekufa, umeme umerudi, feni inanguruma. Evelio akazipanga rafuni kila moja peke yake, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa bado na kitu cha kusema Desemba.

Migdalia hakungoja Desemba. Alikuwa amejaribu kupiga tangu upepo ulipoanza kuvuma na laini hazishiki. Ilipokubali, Zoraida ndiye aliyepokea, akasema tuko hai sote, paa lipo, kisha akampa Evelio simu na hakuondoka. Yisel naye alikuwa mezani na daftari la hesabu, kalamu haitembei.

Dada yake aliuliza kuhusu nyumba. Akauliza kuhusu magoti yake. Kisha Evelio akasikia kule upande wa pili jogoo, na ndoo ikiburutwa kwenye saruji.

"Na zile biri, Evelio?"

Aliitazama ile taa ndogo ya buluu ndani ya friji, na zile chache zilizolala chini yake. Sentensi alikuwa nayo tayari, ameitumia miaka yote, ilikuwa laini mdomoni kama kijiko cha zamani. Akaligeuzia friji mgongo.

"Zimekwisha, dada."

Zoraida akakaa chini.

"Zote?" Migdalia akauliza.

"Zote. Mdudu."

Dada yake hakucheka safari hii. "Basi njoo," akasema. "Januari majani yatakuwa bandani. Njoo nikiwa bado naona."

Evelio alikwenda Januari. Kwenye uwanja wa ndege alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika pande zote mbili kama vile kitaruka bila yeye, mpaka Zoraida akamkumbusha kwamba begi linatakiwa kupimwa. Aliwageukia mke wake na Yisel mara moja tu, pale kwenye mashine za ukaguzi, amevuliwa mkanda na viatu, suruali ameishika kwa mkono. Yisel alitaka kucheka akashindwa. Hajawahi kumwona mtu mzima anaogopa wazi namna ile, hadharani, na bado anapiga hatua.

Alikaa huko majuma mawili. Akarudi amechomwa na jua, kucha zina rangi ya udongo, na kitita kipya cha biri kwenye begi. Zoraida alimuuliza mambo mengi naye akajibu machache: kwamba Migdalia amekonda, kwamba jicho moja halioni, kwamba kaburi la mama limepakwa chokaa. Yisel hakuuliza chochote. Alikuwa ameshafika umri wa kujua kwamba kuna maswali ya kumngoja mtu aseme mwenyewe.

Jumamosi moja, chakula cha mchana kimekwisha, Evelio alichukua biri moja kutoka katika zile mpya, akatoka nayo nyuma ya nyumba, akaikata ncha, akaiwasha bila haraka huku akiizungusha. Yisel alikuwa anaanika nguo. Moshi wa kwanza ukapita kati ya mashuka.

"Uliwahi kuniuliza mbona sizivuti," akasema. "Ulikuwa mdogo, nikakudanganya."

Yisel alishikilia foronya, maji yanamdondokea miguuni.

"Zingekwisha, ningelazimika kwenda. Na ningekwenda, angeniuliza kwa nini niliondoka bila kumuaga mama. Hicho tu, mwanangu, ndicho nilichokiogopa maisha yangu yote. Basi nimekwenda, na ameniuliza hata begi sijaliweka chini. Nikamwambia ukweli, kwamba ningemuaga, mama angesema usiende, nami nisingekwenda. Akanipokea begi, akaniwekea sahani mezani."