Nilimwambia Baba Kuwa Mdogo Wangu Anaona Vizuri

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka themanini na nne, ni mjane, naishi Ugweno. Anayeniandikia ni mjukuu wangu, naye ndiyo kwanza anayasikia haya.

Enzi za Mwingereza nilisoma shule ya misheni hapa kwetu na mdogo wangu wa kike, nitamwita Nakunda. Mimi nilikuwa darasa la nne, yeye la pili. Hesabu za kichwa alikuwa mwepesi kunishinda, lakini akishika kitabu anakwama. Siku moja aliniuliza, "Dada, herufi zinaingiliana kama ukungu. Wewe unazionaje?" Nikamjibu kila mtu anaziona hivyo, ajitahidi tu.

Nilijua namdanganya. Mama alikuwa amejifungua mapacha na hakupata nafuu, na nilimsikia baba akisema mmoja wetu itabidi aache shule.

Mwisho wa mwaka mwalimu aliwapa wanafunzi kitabu wasome mmoja mmoja, apime nani apande darasa. Jioni akaja nyumbani. "Mzee, kwa kusoma huyu hajafika hata darasa la kwanza. Lakini si mjinga. Macho yake ni mazima?"

Baba akanigeukia. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Anaona?"

Nikasema, "Anaona vizuri, baba. Hata mbuzi walio mlima wa pili anawahesabu."

Na kweli alikuwa anawahesabu. Ni vya karibu ndivyo asivyoviona. Nakunda alikuwepo, akayasikia hayo.

Mimi nikaenda shule ya kati, baadaye nikawa mwalimu. Yeye akabaki na mapacha. Mpaka leo akipewa karatasi anaweka dole gumba, anasema, "Mimi kichwa changu kilikataa shule."

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, akavaa miwani yangu ya kusomea kwa utani, akashika kitabu cha nyimbo. Akaanza kuunganisha silabi, polepole, mpaka mwisho wa mstari.

"Dada, kumbe yalikuwa macho?"

Nikasema sijui, ni zamani mno. Nikamdanganya tena, uzeeni.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada anakuja nimfundishe kusoma, ananishukuru mbele ya wajukuu. Nikimwambia ukweli, nitamtua mzigo wa kujiona mjinga, au nitamwongezea uchungu wa kumjua aliyembebesha? Ndugu zangu, nipeni ushauri, nimwambie au ninyamaze? Kesho ni Jumapili.