Chatu Katika Nyumba ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kwetu Dirma, kwenye uwanda wa Hanang, tulifuga chatu. Nasema tulifuga, ingawa Bibi angelisikia neno hilo angenichapa na fimbo yake ya kuchungia. Kwa Bibi, hatukuwa tumefuga kitu. Tulikuwa tumepata mgeni, na mgeni huyo alikuwa babu yetu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mwanangu wa mwisho. Juzi nikichambua maharage alinijia na simu, akanionyesha Mzungu amelala kwenye kochi, chatu amemzunguka shingoni kama skafu. Akauliza kama na sisi tunaweza kufuga mmoja. Nikamwambia huyo Mzungu hana mbuzi wala hana mama mkwe. Alicheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Mimi nimeshakaa na chatu, na kilichonichosha hakikuwa meno yake. Kilichonichosha ni maneno ya watu wazima juu yake.

Baba alikuwa Mbarbaigi, mtoto wa wafugaji wa uwanda ule ule. Mama alikuwa Mwiraqw kutoka Nambis, kwao wanalima, wanafuga kidogo, na Jumapili wanakwenda misa. Nyumba zilikuwa mbili ndani ya ua mmoja wa miiba: ya Bibi, mama yake Baba, na ya Mama. Mama alishakijua Kibarbaigi vizuri, na Bibi Kiiraqw alikisikia. Lakini walipogombana waligombana kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyekubali kugombana kwa lugha ya mwenzake. Ndiyo maana mimi Kiswahili nilikijua mapema. Shuleni walinisifia bure.

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameshafika karibu na ua wetu. Baba alikuwa mlinzi wa mashine huko, kwenye ardhi ambayo baba yake alichungia ng'ombe. Kaburi la babu nalo lilikuwa huko. Kwa Wabarbaigi mzee mwenye heshima hazikwi tu na kusahauliwa. Ukoo unamjengea kilima cha udongo, na watu wanakwenda kumsalimia na kumwagia maziwa. Babu alijengewa kilima chake. Kisha msimu mmoja trekta likapita juu yake, na msimu uliofuata palikuwa na ngano kama pengine popote. Baba alipokuja kumweleza Bibi, Bibi hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nikamsalimie wapi?" Baba akasema tusubiri tuone. Baba alikuwa mtu wa tusubiri tuone.

Chatu alikuja wakati wa mavuno. Kombaini zilikuwa zinakata ngano upande wetu, na kila kilichojificha humo kilikimbia: sungura, kware, panya, na yeye. Bibi ndiye aliyemwona wa kwanza, akivuka kijia polepole, mnene kama paja la mtu mzima, akaingia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga nyuma ya zizi la ndama. Sisi watoto tulipiga kelele. Bibi alivua ndala.

"Nyamazeni," akasema. "Mzee amekuja nyumbani."

Kuanzia siku hiyo kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupeleka maziwa shimoni kabla ya kwenda shule. Bibi alikamua mwenyewe, akamimina kwenye kibuyu kidogo, akanifundisha kuyaweka kwenye kigae na kusalimia. Nilisalimia nilivyofundishwa shuleni. "Shikamoo babu." Chatu hakuitikia marahaba hata siku moja. Mara nyingi sikumwona kabisa, na nilipomwona alikuwa amejikunja amelala, hana habari na mimi wala na maziwa. Chatu hanywi maziwa. Hili najua sasa, na nadhani Mama alilijua tangu siku ya kwanza, maana alikuwa na macho. Aliyeyanywa ni mbwa wetu. Mwaka ule mbwa alinenepa kuliko sisi.

"Mama," mama yangu alimwambia Bibi, "yule mbwa ndiye anayekunywa."

"Mzee alimpenda mbwa," Bibi akajibu. "Anamwachia."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Kila ulilomwonyesha aligeuza likawa ushahidi. Chatu akitoka shimoni kuota jua, amekuja kutuangalia. Asipotoka, amekasirika, kwa sababu Mama amepita na sufuria la moto karibu. Kuku akipotea, babu alikuwa anapenda kuku. Jirani yetu mmoja dereva wa trekta alijitolea kuja na panga, akasema ngozi achukue yeye. Bibi alimwuliza kama na ngozi ya baba yake ameshaiuza. Jirani hakurudi.

Na lilikuwapo onyo. Bibi alilirudia kila jioni wakati wa kukamua, akilisema kwa ng'ombe lakini kwa sauti ya kumfikia Mama: "Siku mtakayomfukuza, maziwa yatamfuata."

Mama alimwambia Baba, "Ongea na mama yako."

Baba akasema, "Nitaongea."

Wiki zikapita. Mimi nilikuwa najua jambo ambalo Baba hakulijua, au alijifanya hajui. Mama alikuwa ameanza kufua nguo za mdogo wangu Yohana na kuzikunja pembeni, hazirudishi mahali pake. Yohana alikuwa anatambaa. Alitambaa popote, na alipenda kutambaa nyuma ya zizi la ndama. Nilijua kwamba siku moja nitarudi kutoka shule nikute Mama ameondoka naye kwenda Nambis, na mimi kwa kuwa ni mkubwa nimeachwa nimhudumie Bibi na chatu wake. Nilikwenda shule na hofu hiyo, na nikirudi nilikimbia njia nzima mpaka nione moshi wa jiko la Mama.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa saba. Anayejua uwanda wa Hanang anajua upepo wake. Shimo la muhanga si mahali pa kukaa baridi ile, na chatu, babu au si babu, alitafuta mahali pa joto. Nyumba ya Mama ilikuwa na joto. Kama nyumba nyingine za kwetu, watoto wa mbuzi walilala humo ndani, kwenye kona, karibu na kitanda cha fito tulicholala sisi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Baba alikuwa ametoka lindo. Mama aliingia ndani kuwafungulia watoto wa mbuzi waende kunyonya. Hakupiga kelele. Alitoka amembeba Yohana mgongoni, akaingia tena, akatoka na sufuria. Akaingia tena, akatoka na fungu la nguo. Aliweka vyote juu ya kanga katikati ya ua, akaanza kufunga.

"Kuna nini?" Baba akauliza.

"Yuko chini ya kitanda. Amemeza mbuzi. Yohana alilala juu yake usiku mzima. Mimi naenda Nambis."

Baba alichungulia mlangoni, akarudi. Najua alitaka kusema tusubiri tuone, maana alifungua mdomo, akaufunga.

Bibi alitoka nyumbani kwake akiwa na kibuyu. Alipoambiwa, uso wake ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi. Hilo ndilo lililomuudhi Mama kuliko mbuzi.

"Amesikia baridi," Bibi akasema. "Amewafuata wajukuu zake."

"Amefuata mbuzi, Mama."

"Mbuzi ni wa nani? Alipokuwa hai hakula mbuzi wake?"

"Kesho atamla Yohana."

"Mzee hawezi kula mjukuu. Wewe binti wa Nambis hujui mambo haya."

Mama aliacha kufunga fundo. Ninamwona mpaka leo amechuchumaa, mkono mmoja juu ya sufuria, akimtazama Bibi kama mtu anayepima kamba kabla ya kuikata.

"Haya," akasema. "Sijui. Basi nifundishe. Huyo ni mzee mwenyewe?"

"Ni mwenyewe."

"Si mjumbe wake? Si nyoka tu aliyetumwa?"

"Nimekwambia ni yeye."

"Ni baba mkwe wangu kabisa."

"Kabisa!"

"Basi niambie, Mama. Ni wapi baba mkwe huingia anapolala mke wa mwanawe?"

Hapa lazima nimweleze msomaji asiye wa kwetu. Kwa Wabarbaigi mke anamkwepa baba mkwe wake kwa heshima kubwa. Hatamki jina lake, hapiti mbele yake ovyo, hali mbele yake. Na baba mkwe naye ana adabu yake: sehemu anayolala mkwewe haiingii, hata nyumba ikiungua atasimama nje aite watu. Mama alipoolewa hakuyajua haya, na aliyemfundisha ni Bibi, bila upole.

"Mwaka ule nimeolewa," Mama akaendelea, "nilipita mbele yake na kibuyu cha maji, ukanisema mbele ya wanawake wote mpaka nikalia. Ukasema kwetu hatukufunzwa. Nikajifunza. Jina lake sijalitaja mpaka leo, hata nikimwombea namwombea bila jina. Na jana jioni nimevua nguo humo ndani, nimeoga humo ndani, na yeye yuko chini ya kitanda! Sasa mimi ndiye sikufunzwa, au ni yeye?"

Baba aligeuka akaanza kuikagua miiba ya ua, kana kwamba ilikuwa na shida ya haraka.

Bibi alijifunika mdomo kwa mkono. Angeweza kusema, basi si yeye, ni nyoka tu. Neno dogo hilo lingemwokoa. Hakulisema, na kwa hilo nilimheshimu baadaye, kwa sababu alikuwa mtu wa kushika alichokisema hata kikimchoma. Aliweka kibuyu chini, akaenda mpaka mlango wa Mama, akasimama nje, akainama. Akaanza kumsema chatu kwa Kibarbaigi, kama mke anavyomsema mume aliyerudi kutoka kilabuni.

"Mzee, unanitia aibu. Umezeeka mpaka umesahau mlango wako ni upi? Mimi niko pale ng'ambo, nyumba ina moto, wewe unaingia huku! Watu watasema nini? Toka!"

Mama aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia.

Bibi aliporudi alimwambia Baba, "Mtoeni. Kwa heshima, bila fimbo."

Baba aliita wanaume jirani. Chatu mwenye mbuzi tumboni ni mzito lakini si mkali. Walimsukumia juu ya ngozi ya ng'ombe ya kulalia, wakamfunika na gunia la ngano, wakaanza kumburuta. Bibi alitangulia na kibuyu chake. Kwenye mlango wa ua akasimama.

"Tunampeleka wapi?" Baba akauliza.

"Mpelekeni kwake," Mama akasema, bado na hasira.

Bibi akageuka. "Kwake wapi?"

Hakusema kwa ugomvi. Aliuliza tu. Mbele yetu palikuwa na mabua ya ngano yaliyokatwa, manjano, sawasawa, mpaka macho yalipoishia. Hapakuwa na kilima wala mti wa kukuonyesha kilipokuwa. Wanaume walishika ngozi wakingoja. Baba alitazama chini, na nadhani ndiyo siku aliyoona kwamba kusubiri kwake kumekwisha kuamua mambo mengi.

Aliyejibu ni Mama, na Yohana wake mgongoni.

"Kuna korongo kule tunakookota kuni," akasema. "Kwenye mawe. Pana mapango, upepo hauingii. Na trekta haliwezi kufika, hata wakitaka."

Bibi alifikiri. "Mawe yale makubwa?"

"Hayo hayo."

"Panafaa," Bibi akasema, na msafara ukaenda.

Mama alibaki amesimama juu ya mzigo wake. Nami nilisimama karibu, sikuthubutu kuuliza. Mwisho alinisukuma begani. "Unashangaa nini? Rudisha sufuria ndani. Na ufagie hiyo kona vizuri."

Sijawahi kufagia kwa furaha kama siku ile.

Miezi iliyofuata ng'ombe walipungua maziwa, kisha mmoja akakauka kabisa. Bibi akasema aliwaonya. Mama akasema ng'ombe hawana malisho, yamelimwa. Walibishana juu ya hilo miaka mingi, nami niliwasikiliza miaka mingi, nikiwa nimechoka nao wote wawili. Ilinibidi niolewe, niwe na mama mkwe wangu na mlango wangu, ndipo nikaona kwamba walikuwa wanasema jambo moja. Aliyelima kaburi ndiye aliyelima malisho. Yule hakuwamo uani mwetu agombezwe, basi waligombezana wao.

Kwa hiyo mwanangu nimemwambia hapana, na sitabadili. Chatu anataka joto na nyama, na mahali pake si nyumbani kwa mtu. Lakini ile Jumamosi siihesabu tena kama siku Mama alipomshinda Bibi, kama nilivyoisimulia shuleni. Mama alitaka mlango wake. Bibi alitaka mahali pa kusalimia. Kila mmoja alipata, na aliyempatia mwenzake ni yule yule aliyekuwa akigombana naye.

Baada ya hapo Bibi alikuwa akienda korongoni mara kwa mara na maziwa kidogo, yakiwapo. Sidhani kama alimwona chatu tena, na hakuwahi kusema kwamba amemwona. Alipita mbele ya jiko la Mama, akasema, "Naenda kumsalimia mzee."

Na Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe lake la kusagia, alimjibu, "Haya. Mwambie sisi hatujambo."